Kidole Gumba cha Mkunga

Mdogo wangu alipima gari la mama kwa futi yake ya chuma, akaandika vipimo kwenye kipande cha boksi, kisha akanyoosha mgongo.

"Dada," alisema, "bafu linaanzia kwenye taa ya mbele, linaishia kwenye buti. Nimepima mara tatu. Jumatatu mafundi wangu wanachimba msingi, kwa hiyo gari liondoke."

Mdogo wangu ni msimamizi wa ujenzi, na bafu lenyewe ni la mama. Magoti ya mama yamechoka. Bafu tulilo nalo liko nyuma ya nyumba, ngazi tano chini, na kila asubuhi mama huzishuka kwa kukaa, moja baada ya nyingine, huku akitukataza tusimshike. Bafu jipya lilipangwa liwe ubavuni mwa chumba chake, pale pale ambapo gari lilikuwa limekaa chini ya turubai kwa miaka kumi na moja.

"Litaondoka," nilisema. "Nitaliendesha mpaka dukani kwangu."

Alicheka mpaka akaegemea boneti. "Kuliendesha? Dada, hili si gari tena. Hili ni kabati lenye matairi."

"Kabati hilo ndilo ulilozaliwa ndani yake," mama alisema kutoka barazani. Alikuwa amekaa na sinia la mchele mapajani, akitoa mawe.

"Mama, mimi sikuomba kuzaliwa kwenye kiti cha nyuma."

"Na mimi sikuomba uje wiki mbili kabla ya siku zako. Uliharakisha mwenyewe, baba, sasa tulia."

Mama alikuwa mkunga. Kwa miaka thelathini na sita aliliendesha gari hilo kutoka nyumba hadi nyumba, na mimi nilikuwa nakaa kando yake na mfuko wake wa vifaa magotini. Adhuhuri moja, tukitoka kumzalisha mke wa mwashi, alisimamisha gari pembeni mwa barabara, akavuta breki ya mkono, akahamia kiti cha nyuma na kuniambia nimpe taulo. Nilikuwa na miaka minane. Baada ya muda usio mrefu nilikuwa na mdogo wangu mikononi, analia kama honi. Mama alipumzika, akanywa maji, akarudi mbele akatuendesha nyumbani. Mpaka leo mtaani wanamwita mdogo wangu Bwana Siti, ingawa ana mvi na wafanyakazi arobaini.

"Tuelewane basi," Bwana Siti alisema. "Mwenye nyumba wa duka lako amekubali uegeshe gari zima. Bovu hataki hata kulisikia. Leo Jumanne. Likitoka kwenye geti hili kwa moto wake mwenyewe kabla ya Jumamosi saa nne, ni lako, na mimi nitakupigia makofi. Likishindwa, anakuja mnunuzi wa chuma chakavu na lori lake. Nimeshaongea naye."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamia sinia lake.

"Msigombane kwa ajili ya chuma," alisema. "Likienda, limekwenda."

Lakini vidole vyake vilikuwa vimeacha kuchambua.

*

Nina miaka hamsini na tatu. Mchana ni fundi cherehani. Jioni, kila Jumatatu na Jumatano, ni mwanafunzi wa ufundi magari katika chuo kilicho nyuma ya soko. Shule niliiacha darasa la sita, na nilisali miezi mitatu kabla ya kwenda kuchukua fomu, kwa sababu niliogopa kuchekwa. Hakuna aliyenicheka. Walinipa tu jina, Bibi Plagi, kwa kuwa siku ya kwanza ndicho kitu pekee nilichokitambua mezani.

Darasani kuna kinyozi, mlinzi wa ghala, ndugu wawili wauza matunda, na mimi. Mwalimu wetu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa. Ananiita Mama, nami namwita Mwalimu, na nikifika mapema huwa nainamisha kichwa kwenye benchi namwomba Mungu anifungulie akili. Wenzangu wameshazoea. Kinyozi huniambia, "Bibi Plagi, nitajie na mimi huko."

Nilijiunga kwa ajili ya gari la mama. Kwa miezi minane kila nilichojifunza chuoni nilikuja kukifanya uani. Breki nilizifungua na kuzifunga mara nne, mpaka zikashika. Kabureta niliisafisha kwa mswaki. Tangi la petroli nililimwaga kutu yote, nikalitikisa na kokoto ndani kama kibuyu cha maziwa. Valvu mbili zilikuwa zimeganda, ikabidi nifungue injini juu. Kinyozi alikuja Jumapili mbili kunisaidia kunyanyua. Nilizisugua zile valvu mpaka zikakaa vizuri kwenye viti vyake. Kila asubuhi kabla sijashika spana nilisema maneno yale yale: "Ee Mungu, nipe mkono mwepesi, nisilazimishe bolti."

Kufikia Jumanne ile ilikuwa imebaki kazi moja. Nilitakiwa kurudisha distribyuta, kile chombo cha mviringo kinachogawa umeme kwa plagi nne, kila plagi kwa zamu yake. Ukikirudisha sawasawa, cheche inaruka kwa wakati wake na gari linawaka. Ukikosea, utajuta.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu.

Wiki tatu kabla ya hapo Mwalimu alitufundisha kazi hiyo kwenye injini ya mazoezi. Alituonyesha kwamba pistoni hupanda mara mbili. Mara moja inapanda milango yote, yaani valvu, ikiwa imefungwa, inagandamiza hewa na petroli, na hapo ndipo cheche inatakiwa. Mara nyingine inapanda kutoa moshi tu, mlango uko wazi, na cheche hapo haina kazi. Ukitazama kwa macho, kupanda ni kule kule. Utajuaje? Unatoa plagi ya silinda ya kwanza, unaziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako anazungusha injini taratibu. Ukisikia hewa inakisukuma kidole, hiyo ndiyo yenyewe.

Tulipanga foleni. Mlinzi akasema, "Loo! Imenisukuma." Wauza matunda wakasukumwa, wakacheka. Ikafika zamu yangu. Nikaweka kidole. Kinyozi akazungusha, akazungusha, na mimi sikusikia chochote.

Miaka thelathini na nane nimeshika mkasi mzito wa kukatia nguo. Kidole gumba cha kulia kimekufa ganzi. Cha kushoto kimekuwa sugu kwa kusukuma sindano kwenye jinzi na makoti. Naweza kushika sufuria iliyotoka motoni nikashangaa watu wanapiga kelele. Nilikuwa nalijua hilo, ila sikuwahi kuliona kuwa ni tatizo. Siku ile, mbele ya watu wote, na kijana yule akinitazama kwa matumaini, niliona aibu kuonekana mzee asiyeweza hata kusikia pumzi.

"Nimesikia, Mwalimu," nilisema.

"Mnaona?" aliwaambia wenzangu. "Mama ameshika mara ya kwanza."

Usiku ule kwenye sala nilitaja mambo mengi. Hilo nililiruka.

*

Jumatano jioni nilikwenda darasani nikijua kabisa nini cha kuuliza. Mwalimu alinikuta mlangoni.

"Mama, gari la mkunga limefikia wapi?"

"Imebaki distribyuta tu."

"Basi umemaliza! Mgandamizo si ulikuwa unausikia vizuri?"

"Vizuri," nilisema. Na hapo nikawa nimedanganya mara mbili, mlangoni, na daftari la chuo kwapani.

Alhamisi asubuhi nilifunga duka, nikavaa ovaroli niliyojishonea mwenyewe yenye mifuko saba, nikashika njia ya nyumbani. Nilitoa plagi ya kwanza, nikatumbukiza mrija wa soda kwenye tundu, nikashika hendeli, ule mkono wa chuma unaoingia mbele ya injini kuizungusha. Nilizungusha huku nautazama mrija. Ukapanda, ukapanda, ukasimama. Juu kabisa! Alama kwenye puli, gurudumu la mkanda mbele ya injini, nayo ikakaa mahali pake. Nikafurahi kama nimeokota lulu. Nikarudisha distribyuta, nikafunga nyaya zote nne. Kila waya nilikuwa nimeufunga uzi wa rangi yake, mwekundu wa kwanza, kijani wa pili, kwa sababu nyuzi hazinipotei.

Nikainamisha kichwa. "Ee Mungu, liwashe."

Nikazungusha ufunguo. Stata ikalia, injini ikajikunja kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu:

"PAH!"

Moto mdogo ulitoka kwenye kabureta. Wingu jeusi likapanda, likakaa juu ya kamba ya nguo za jirani. Kuku wa jirani huyo huyo aliruka ukuta, na sijui kama alirudi.

"Umeumia?" mama aliita.

"Hapana!"

"Limewaka?"

"Limesema kitu!"

Jirani alitoka akatazama mashuka yake. Alinitazama, akatazama mashuka, akaniletea beseni na sabuni, akarudi ndani. Nilifua mpaka saa saba.

Ijumaa nilirudia kila kitu. Nilibadilisha petroli, nikasafisha plagi, nikakagua nyaya uzi kwa uzi, nikarudia mrija. PAH! Mara hii nilikuwa nimemwomba jirani aanue kwanza.

Nilimpigia simu Mwalimu. Alisikiliza kwa makini. "Mama, dalili hizo ni cheche inakuja mlango ukiwa wazi. Lakini wewe kidole umeweka mwenyewe, umesikia mwenyewe. Basi sijui. Labda valvu zimeganda tena. Ikibidi, fungua juu upya."

Kufungua juu upya ni kazi ya wiki nzima. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, na ufunguo wa plagi mkononi. Nilikuwa nimemwomba Mungu aliwashe gari mara nyingi kuliko naweza kuhesabu, na sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja ukweli ambao ungelifanya liwake.

*

Jumamosi saa tatu na nusu, mnunuzi wa chuma chakavu alipiga honi nje ya geti. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye glovu za ngozi, na alikuja mapema kwa sababu, kama alivyosema, magari ya aina hii huwa na wajomba wanaobadili mawazo.

"Nusu saa bado," nilimwambia.

"Nangojea, mama. Mimi sina haraka, chuma hakiozi." Akaegemea geti kutazama.

Bwana Siti aliingia na kofia yake ya ujenzi kichwani. Alinikuta nimeinama kwenye injini, uso mweusi kwa masizi.

"Dada yangu. Umejitahidi. Watu wote wamesikia ulivyojitahidi, hata mtaa wa pili."

"Usinianze asubuhi."

"Mimi nasema tu. Jirani ameniuliza kama bafu la mama tunalichimba kwa baruti."

Mama alitoka na fimbo yake na kigoda kidogo. Alitembea polepole mpaka kwenye gari, akaweka kigoda karibu na tairi la mbele, akakaa, akatazama ndani ya injini kama alivyokuwa akitazama ndani ya vyumba vya watu.

"Niambie kazi yenyewe ilivyo," alisema. "Taratibu. Kama unayemweleza mjamzito wa kwanza."

Nikamweleza. Pistoni inapanda, ikifika juu cheche inaruka.

"Inapanda mara ngapi?"

"Mara mbili, mama. Mara moja kugandamiza, mara moja kutoa moshi."

"Na hii uliyoichagua ni ipi?"

"Ya kugandamiza."

"Umejuaje?"

"Niliona mrija umepanda."

Mama alinitazama. Macho yale yalikwisha kudanganywa na akina mama mia moja kuhusu tarehe, na hayakushtuka.

"Tumbo nalo hupanda," alisema. "Linaweza kuwa uchungu, linaweza kuwa gesi. Mimi nilikuwa naweka mkono. Mkono wako uliuweka?"

Mnunuzi wa chuma alikuwa amesogea hatua mbili ndani ya geti ili asikie vizuri.

"Mama, vidole vyangu havisikii."

"Havisikii nini?"

"Chochote. Darasani nilisema nimesikia. Nilidanganya."

Alinyoosha mkono, akachukua kidole changu gumba, akakibana kwa ukucha. "Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Kwa mbali. Kama mtu ananiita toka ng'ambo."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi."

"Na uko nyumbani kwa mkunga, unakaa kimya!" Alinigeuzia viganja vyangu vyote viwili, akavitazama, halafu akamgeukia mdogo wangu. "Wewe baba. Njoo uone mkasi uliokusomesha."

Bwana Siti alikuja. Nilipoacha shule yeye alikuwa mtoto, na sare zake zote, kuanzia kaptula ya kwanza mpaka koti alilovaa siku alipopokea cheti chake cha ujenzi, zilipita chini ya sindano yangu. Hilo halikuwa siri, lakini hatukuwa na desturi ya kulisema. Alivitazama vidole vyangu, akakuna shingo.

"Dada, si ungesema tu?"

"Ningesema nini? Kwamba nimezeeka?"

"Ungesema ulikuwa unahitaji mtu wa kuzungusha." Alivua kofia ya ujenzi, akaiweka juu ya paa la gari, akakunja mikono ya shati. "Hendeli iko wapi? Upande gani, kulia au kushoto?"

"Kulia. Taratibu. Ukisikia nasema simama, unasimama."

"Mimi nasimamia watu arobaini."

"Leo unasimamiwa," mama alisema. "Na mimi nipeni hilo tundu."

Nilitoa plagi ya kwanza. Mama alifuta kidole chake gumba kwenye kitenge, akanisukuma pembeni kwa kiwiko, akaziba tundu. Ana miaka themanini. Magoti yamemkimbia, masikio yanamkimbia, lakini mikono yake bado ni laini na myepesi. Hata akikupapasa paji la uso anaweza kukutajia homa yako bila kipimo. Alifumba macho. Uso wake ukabadilika, na nikauona tena ule uso niliokuwa nauona nilipokuwa na miaka minane, na mfuko magotini.

"Haya," alisema. "Anza."

Bwana Siti akazungusha.

"Bado. Hiyo ni pumzi tu, inatoka bila shida. Endelea. Taratibu, baba, huchoti maji kisimani! Bado... sasa inavuta. Inanivuta kidole. Endelea... ngoja... ngoja... Haya! Inasukuma! Inasukuma! Usisukume!"

"Mama, mimi nazungusha tu!"

"Nimesema usisukume! Pumua!"

Na Bwana Siti, naapa, akapumua. Mnunuzi wa chuma chakavu alicheka mpaka akashika geti kwa mikono miwili.

"Sasa, kidogo tu. Kidogo... simama!"

Hewa ilitoka chini ya kidole chake kwa sauti nyembamba, pwii, kama birika linalotaka kuchemka. Nikatazama puli, alama ilikuwa mahali pake. Nikafungua kifuniko cha distribyuta. Ile rota, mkono mdogo unaoelekeza umeme, haikuwa inatazama waya wenye uzi mwekundu. Ilikuwa imeupa mgongo, inatazama upande wa pili kabisa.

"Nini?" Bwana Siti aliuliza.

"Nusu mzunguko," nilisema. "Siku mbili nzima, na mashuka ya jirani, kwa nusu mzunguko."

Nililegeza bolti, nikanyanyua distribyuta, nikaigeuza nusu, nikairudisha. Bolti ya mwisho iliniponyoka mara mbili. Mnunuzi wa chuma aliniokotea. "Saa nne kasoro dakika saba, mama," alinong'ona, kama vile alikuwa upande wangu.

Niliingia kwenye kiti cha dereva, nikashika ufunguo, nikainamisha kichwa.

"Ee Mungu," nilisema kwa sauti, kwa sababu niliona nikisema moyoni nitaruka tena, "nisamehe ule uongo wa kidole. Nilisema mara mbili. Na uwabariki hawa walionisaidia, pamoja na huyu wa lori. Amina."

"Amina," alisema wa lori.

"Na gari je?" Bwana Siti aliuliza. "Hukuliombea gari?"

"Gari limeombewa wiki nzima. Ondoka mbele."

Nikazungusha ufunguo.

Stata ililia mara moja, mara mbili. Injini ikajikunja. Jirani, nilimwona kwa pembe ya jicho, alikuwa ameshaanua kila kitu na kusimama mlangoni, vidole masikioni. Halafu ikashika. Haikulipuka. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu nyuma, ikakohoa tena, ikaanza kuunguruma kwa kuyumba kama mtu anayekumbuka wimbo wa zamani.

Mama alipiga kigoda kwa fimbo. "Anapumua! Lakini vibaya. Anakwama."

"Ngoja," nilisema. Niliruka nje, nikashika distribyuta, nikaizungusha kidogo sana, upana wa uzi.

"Vibaya zaidi," mama alisema, mkono umetandazwa juu ya ubavu wa gari. "Rudi. Rudi kidogo. Hapo... kidogo tena. Hapo! Usiguse."

Na kweli, ilitulia. Boneti iliacha kutetemeka. Nikakaza bolti.

"Dakika tatu," wa lori alisema. "Halafu kuna tatizo. Lori langu limeziba geti."

"Basi liondoe!" tulisema wote watatu.

Alikimbia, glovu zikimning'inia mfukoni. Tulimsikia akipiga gia, akarudi nyuma, akagonga pipa la taka la mtu, akaomba radhi kwa pipa. Wakati huo mama alikuwa ameshafungua mlango wa mbele na kuanza kupanda.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Dukani kwako. Kwani gari hili limewahi kutoka getini bila mimi?"

Bwana Siti alimshika kiwiko akamweka sawa, na mara hii hakukatazwa. Akafunga mlango, akasimama nje, kofia yake mkononi.

"Ingia," nilimwambia.

"Nitakuja kwa miguu. Nafasi yenyewe iko wapi?"

Mama alielekeza nyuma kwa kidole gumba kilichojaa masizi. Bwana Siti alitazama kiti kile, akamtazama mnunuzi wa chuma aliyekuwa anarudi mbio, akaingia akiwa amejikunja, magoti yakagusa kidevu. Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi pole pole. Gari la mama likasogea. Lilipita pale palipopimwa bafu, likapita kamba ya nguo, likatoka getini kwa moto wake mwenyewe. Tairi la nyuma lilipopanda ukingo wa barabara kichwa cha Bwana Siti kiligonga paa.

"Aaah!"

"Hivyo hivyo ulilia," mama alisema bila kugeuka. "Sauti hiyo hiyo."

Nyuma yetu nilisikia makofi. Alikuwa ni wa lori.

*

Jumatatu jioni nilifika chuoni mapema. Uani kwetu mafundi walikuwa wameshachimba msingi, na mama alikuwa ameketi kando yao akiwaambia ukuta umekaa upande. Nilisali kifupi, kisha nikamfuata Mwalimu kwenye meza yake kabla ya wenzangu kujaa.

"Mwalimu, siku ile ya kidole gumba, sikusikia kitu."

Aliacha kuandika. "Siku ile?"

"Na Jumatano pia nilikudanganya. Vidole vyangu vimekufa ganzi kwa mkasi. Gari limewaka, lakini kidole kilikuwa cha mama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio. Aliegemea kiti, akacheka, si kwa kunicheka.

"Mama, mlinzi naye hakusikia. Alinifuata siku ya pili. Nikamwambia azibe tundu kwa karatasi iliyokunjwa. Mgandamizo ukija, inaruka. Ungeniambia tu."

Nilifikiria mashuka ya jirani. Nilimfikiria yule kuku.

"Karatasi," nilisema.

"Karatasi, kitambaa, chochote."

Kitambaa ninacho. Nilikaa kwenye benchi, nikachukua mabaki ya jinzi kutoka mfuko wa tano wa ovaroli, nikashona kizibo kidogo, kigumu, chenye mkia wa uzi mwekundu kisipotee. Wenzangu walipofika nilikipachika kwenye tundu la kwanza la injini ya mazoezi, nikamwomba kinyozi azungushe.

"Tunatazama nini, Bibi Plagi?" aliuliza, akiwa ameinama kusogeza macho.

"Wewe zungusha. Na usiweke uso hapo."

Aliuweka.